Sufuria za Watu wa Mahema

Kuna watu wana nyumba. Nyumba ya matofali, ina kitanda, ina paa lisilovuja, ina jiko la kuwasha kwa kidole kimoja. Halafu zikifika siku za mapumziko wanaiacha hiyo nyumba, wanajitwika mizigo mgongoni kama punda asiye na mwenyewe, wanapanda mlimani kwenda kulala chini, ndani ya kitambaa. Na hawaendi bure, wanalipia. Mama Sumaku alipoisikia habari hiyo mara ya kwanza alidhani anataniwa.

"Wamefukuzwa?" aliuliza.

"Hawajafukuzwa, Shemeji. Wanastarehe," alisema Mafua.

"Na mbu?"

"Mbu wapo."

"Basi kama hawakufukuzwa na watu, wamefukuzwa na akili zao."

Na hao ndio waliotaka sufuria.

Karakana yenyewe ilikuwa kuta tatu na bati, mwisho wa mtaa wa wachomeleaji na waziba pancha. Ndani kuna tanuru la kuyeyushia alumini, kuna mchanga wa kalibu za kumiminia, kuna sufuria zimepangwa ukutani kwa ukubwa. Nje, mbele ya lundo la vyuma chakavu, kuna kigoda. Hicho kigoda kilikuwa cha Mama Sumaku miaka ishirini na miwili, na mtu mwingine akikikalia alikuwa anainuka mwenyewe kabla hajaambiwa.

Walimwita hivyo kwa sababu ya sumaku aliyoivaa shingoni kwa kamba, pale wanawake wenzake wanapovaa shanga. Gunia likimwagwa, anapitisha sumaku. Kinachong'ang'ania ni chuma, kinatupwa kushoto. Kisichong'ang'ania ndicho kinachoanzisha kazi, maana sumaku inajua jambo moja tu, kama wanaume wengi. Baada ya hapo anachukua tupa, anakwaruza, anatazama rangi ya ndani. Anagonga, anasikiliza. Anapima kwa kiganja. Pistoni na vichwa vya injini, alumini ngumu, fungu lake. Fremu za madirisha, nyaya, sufuria zilizotoboka, alumini laini, fungu lake. Akichanganya anajua yeye kiasi gani cha hiki na cha kile, sufuria isipasuke na isiwe laini kama ulimi.

Vilivyobaki alivikataa. Risasi ya betri, hapana. Zinki, hapana. Kopo la rangi, kopo la dawa ya kunguni, hapana na laana juu. Kitu chochote kilichofungwa kikabaki na maji tumboni, hapana, kitakulipukia usoni. Kuna mleta vyuma mmoja aliwahi kumfichia vipande vya risasi katikati ya gunia la pistoni ili mzani uongezeke. Miaka kumi na moja Mama Sumaku hajamwitikia salamu. Yule bwana alikuja hata kwenye msiba wa mumewe, akalia machozi ya kweli. Mama Sumaku alipokea rambirambi, salamu akaiacha hapo hapo chini.

"Ametubu yule," watu walimwambia.

"Atubu kwa waliokula kwenye sufuria yake. Sufuria ni mdomo wa mtu mwingine. Huwezi kumtilia mtu risasi mdomoni halafu ukaja kuniambia shikamoo."

Karakana aliianzisha mumewe. Mume alipokufa, tanuru lilishikwa na mdogo wake, huyu Mafua, ambaye pua yake ilianza kumchuruzika siku ya kwanza alipoinamia moshi na haijakauka mpaka leo. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kumiminia. Akimwaga alumini kwenye kalibu anaimba, lakini mwonyeshe nyundo uone atakavyokumbuka kwamba mgongo unamuuma.

Basi akaja mwanamke wa mahema. Ndiye aliyekuwa akiwapeleka hao wenye nyumba wakalale nje. Alivaa viatu vya kupandia mlima akiwa mjini, na suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu alivyonavyo. Lakini adabu alikuwa nayo, hilo lazima lisemwe. Alimwamkia Mama Sumaku kwanza, kabla ya wanaume.

"Mama, nataka sufuria seti arobaini," alisema. "Seti moja sufuria tatu, ziingie moja ndani ya nyingine. Mfuniko uwe ndio kikaango. Ziwe nyepesi, maana zinabebwa mgongoni. Na zitokane na vitu chakavu, visiwe vipya. Wageni wangu wanapenda kujua sufuria zamani ilikuwa nini."

"Waambie ilikuwa sufuria," alisema Mama Sumaku.

Yule mwanamke akacheka, akatoa mfano kwenye mkoba wake, sufuria ndogo ya kiwandani. Mama Sumaku akaipokea, akaigonga kwa ukucha, akaikwaruza chini ya ukingo.

"Hii haikumiminwa," alisema. "Hii ni bati limefuliwa. Mkitaka wepesi chukueni ubavu wa basi bovu, lile bati la alumini, mlichome rangi yote itoke, mlisugue, mkate, mlifue juu ya gogo taratibu. Mpini uwe wa waya mnene, usiwe wa plastiki, utaungua. Wepesi uko kwenye nyundo, hauko kwenye chuma. Marehemu alikuwa anafanya hivyo."

Mafua akavuta kamasi, akatazama pembeni. Kumimina, saa moja anatoa sufuria sita. Kufua, sufuria moja inakula nusu siku. Na aliyesema ni marehemu, na marehemu hachoki.

"Tutaangalia, Shemeji," alisema.

"Tutaangalia" ya mvivu ina maana yake, na Mama Sumaku aliijua.

Hapo ndipo alipoingia Mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa mkwe wa Mafua, mume wa binti yake. Alisoma chuo miezi mitatu akapewa karatasi, na karatasi hiyo aliitia kwenye fremu akaitundika ukutani, juu kidogo ya sufuria kubwa. Shati lake lilikuwa jeupe. Mtu anaingia karakana ya kuyeyusha vyuma kwa shati jeupe, na likitoka jeupe anajisifu! Mama Sumaku aliwahi kumwambia kuwa shati lisilochafuka kazini ni la mtazamaji. Yeye akacheka tu, "Mama Mkubwa naye kwa maneno," kama vile anamsifia mtoto.

Huyu ndiye aliyesikia neno "nyepesi" likamwingia kichwani likakosa pa kutokea. Akazunguka mjini siku nne. Siku ya tano akarudi na mkokoteni: maganda ya misumeno ya injini ya kukatia miti, mifupa ya usukani wa magari, vifuko vya mashine za kutobolea. Vyote vya kijivu, vyote vikavu, karibu gunia tano. Akaleta na mzani wa duka. Akaweka pistoni upande huu, ganda la msumeno la ukubwa ule ule upande wa pili, na upande huo ukanyanyuka.

"Baba, unaona?" alimwambia Mafua. "Ukubwa mmoja, uzito tofauti. Theluthi nzima imepungua. Hii ni magnesi. Tunamimina kama kawaida, hakuna kufua, na sufuria inatoka nyepesi kama mkate."

"Magnesi," Mafua akarudia, akalipenda neno. Wavivu wanapenda maneno mapya, yanafanana na mapumziko.

Siku hiyo wakati wa chakula cha mchana, wamekaa juu ya matairi, kila mtu na bakuli lake, Mafua akatangaza. Alitangaza akitazama bakuli.

"Shemeji, umechoka. Miaka mingi umekaa juani. Sasa uchambuaji utakuwa wa mzani, na mkwe wangu ndiye atakayeushika. Tukimimina hizi za kwanza zikatoka vizuri, wewe upumzike. Uende kwa mwanao."

"Kwa mwanangu."

"Ana nyumba nzuri."

"Ana mke pia."

Wote wakainamia mabakuli yao. Mke wa mwanawe walimjua. Huyo mwanamke alikuwa anahesabu vijiko vya sukari kwa sauti mgeni akisikia, na mama mkwe kwake alikuwa mgeni wa kudumu. Mama Sumaku aliwahi kukaa kule wiki mbili alipovunjika mguu. Alikalishwa kwenye kochi lililofunikwa nailoni, akapewa rimoti. Siku ya kumi na nne alirudi kazini na mguu wenye plasta, kwa mkokoteni wa vyuma.

Alimaliza chakula, akaosha bakuli lake, akaenda kwenye lundo la kijivu. Akaokota ganda moja, akalipima kwa kiganja. Jepesi mno. Akalikwaruza kwa tupa mpaka likang'aa, akachomoa nusu ya limau iliyobaki kwenye chakula chake, akakamulia tone moja pale palipong'aa.

Likachemka. Lilitoa povu kama mdomo wa mbwa mwenye kichaa.

Alumini nzuri ukiitilia limau inakutazama tu. Hii ilikuwa inaliwa mbele ya macho yake. Pika nyanya humo uone utakachopakua. Lakini hilo lilikuwa dogo. Mama Sumaku alikikumbuka chuma hiki. Zamani, mumewe akiwa hai, jirani mchomeleaji alitaka kuziba ufa kwenye ganda la aina hiyo, nalo likashika moto. Si moto wa kuni. Moto mweupe, unaoumiza macho kama jua lililoshushwa mtaani. Jirani akamwagia ndoo ya maji ili auzime. Maji ndiyo yaliyoutia wazimu. Ulilipuka, ukaruka vipande vipande, na yule jirani mkono wa kulia hakuutumia tena. Mama Sumaku jina la chuma hakulijua siku ile, wala hakulihitaji. Tabia yake aliijua. Mtaalamu alilijua jina, tabia hakuijua. Sasa hapo nani amesoma?

Kilichofuata hakimpendezi mtu, lakini ndicho alichofanya. Alinyamaza.

Alilirudisha ganda kwenye lundo, akajifuta mikono kwenye kanga, akakichukua kigoda chake akakisogeza kutoka karibu na tanuru mpaka getini. Akakaa. Moyoni alisema: mwache aonje. Mwache awashe, mbele ya mkwewe, mbele ya mteja wake, na karatasi yake ukutani. Tanuru likiungua litajengwa jingine, lakini mpumbavu huyu atakuwa ameonekana mara moja na kwa siku zote, na hakuna atakayenitajia kochi la nailoni.

Mafua aliona kigoda kimehama.

"Mbona umekaa mbali, Shemeji?"

"Nazoea kuondoka."

Mafua akavuta kamasi, akaona aibu kidogo, akaenda zake. Siku ile ikapita. Siku ya pili ikapita. Mtaalamu akawa anavunja yale maganda kwa nyundo huku akipiga mluzi, na Mama Sumaku akawa anachambua fremu za madirisha, mdomo umefungwa kama pochi ya bahili. Usiku alilala vizuri. Hilo nalo lisemwe.

Siku ya tatu asubuhi akaja mwanamke wa mahema na mifuko yake, kuona sufuria ya kwanza ikimiminwa. Alitaka kuwapiga picha. Mafua alikuwa ameshawasha tanuru, feni inapuliza, makaa yamekuwa mekundu. Yule mwanamke akasogea karibu kabisa, simu mkononi, na Mafua kama kawaida yake akainamia chungu cha kuyeyushia, uso juu ya moto, pua inachuruzika. Ndipo Mtaalamu akaja na ndoo mbili za maji, akaziweka kando ya tanuru.

"Za nini hizo?" aliuliza mwanamke wa mahema.

"Usalama, dada," alisema Mtaalamu. "Usalama kwanza."

Mama Sumaku alitazama ndoo. Akamtazama Mafua alivyoinama. Alikuwa amelipanga tanuru liungue na karatasi ichekwe. Hakuwa amempanga mtu kusimama pale. Siku mbili nzima alilifikiria shati jeupe tu, hakuifikiria ile pua. Akainuka, na magoti yake yakalia.

"Usitie hicho chuma," alisema.

Wote wakageuka.

"Kinashika moto. Kikishayeyuka kitawaka cheupe, hamtakiweza. Na hayo maji ukiyamwaga humo utawaua."

Mtaalamu akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayemwonyesha mzee ngazi.

"Mama Mkubwa, ni chuma. Chuma hakiwaki."

Mama Sumaku hakujibizana naye. Aliokota ganda, akalikwaruza kwa tupa juu ya kiganja mpaka akapata unga kidogo, akautupa kwenye makaa. Ukawaka pwaa! Mweupe, mkali, mwanamke wa mahema akaficha macho.

"Umeona?" Mama Sumaku alimwambia Mafua, si mkwe.

Hapo Mtaalamu naye, ukweli usemwe, alikuwa na jibu. Watu wa aina yake hawakosi jibu, ndilo wanalofundishwa.

"Huo ni unga, Baba. Kila unga unawaka, hata wa ngano ukiupuliza kwenye moto. Kipande kizima ni kitu kingine. Mama Mkubwa ana hasira ya kigoda, na tunamwelewa."

Mafua akamtazama mkwe, akamtazama shemeji, akamtazama mteja mwenye simu. Alikuwa ameshatangaza. Mwanaume akishatangaza mbele ya watu, hata akiona shimo ataliingia, ili tu asirudi nyuma.

"Tutatia kidogo," alisema. "Kipande kimoja kimoja. Tuone."

"Tuone," Mama Sumaku akaitikia. "Haya, tuone. Wewe binti, toka hapo, simama getini, na ukiona cheupe usikitazame."

Mwanamke wa mahema alitoka mara moja. Kwa hiyo mwenye akili katika karakana ile siku hiyo alikuwa yule anayelala nje kwa hiari. Mama Sumaku akaikamata ndoo ya kwanza akaimwaga nje. Ya pili akaimwaga nje. Halafu akaenda kwenye pipa la maji lililokuwa pembeni ya ukuta, akalifunika kwa mfuniko wake wa mbao, akakaa juu yake. Hakuwa mwanamke mwembamba. Aliketi kama aliyefika nyumbani kwake.

Mafua akatia vipande. Vikakaa. Vikalegea. Mtaalamu akaanza kusema, "Si mnaona," na hakulimaliza.

Chungu kilifunguka kama jicho. Ukaja mwanga mweupe, hauna njano wala wekundu, ukajaza karakana nzima mpaka vivuli vya sufuria ukutani vikawa vyeusi kama masizi. Bati la juu likaanza kulia. Mafua akaruka nyuma, nyusi zimekwenda.

"Maji!" Mtaalamu alipiga kelele. "Maji! Maji!"

Akakimbilia ndoo, akazikuta tupu. Akakimbilia pipa, akamkuta Mama Mkubwa wake.

"Inuka!"

"Siinuki."

"Mama Mkubwa, inuka, tunaungua!"

"Nitoe ukiweza."

Akamshika mkono akavuta. Akamshika mabega akasukuma. Mtu mzima, msomi, shati jeupe, anasukumana na bibi kizee juu ya pipa huku moto unawaka nyuma yake. Mama Sumaku alimshika ukosi, akamvuta mpaka pua kwa pua.

"Ukimwaga tone moja mule, mkeo ni mjane kabla ya adhuhuri. Kaa chini."

Akakaa. Chini kabisa, vumbini.

Mafua alikuwa ameshakamata sepetu, anakimbilia mchanga wa kalibu.

"Si huo!" Mama Sumaku alipaza sauti ambayo mtaa wa pili waliisikia. "Huo una unyevu, mjinga wewe, nani kakufundisha! Majivu! Chukua majivu makavu!"

Mafua hakuuliza. Miaka yote alikuwa anavuta kamasi kila akiambiwa jambo, siku hiyo hakuvuta. Alizima feni, akachota majivu makavu yaliyorundikwa nyuma ya tanuru, akayamimina juu ya ule mwanga akigeuza uso, sepetu kwa sepetu, na mchanga wa ujenzi uliokaushwa na jua pale nje, mpaka mwanga ukazibwa, ukawa unachungulia kwenye nyufa tu. Haukuzimika. Uliachwa ujile wenyewe. Ulikula chungu, ukala tofali za tanuru upande mmoja, ukatoboa bati, na ulipokwisha ulibakiza unga mweupe kama chokaa. Karatasi ya Mtaalamu ilikuwa imejikunja ndani ya fremu yake, kioo kimepasuka. Mtu hakufa.

Mwanamke wa mahema alikuwa bado getini. Mtaalamu alijikung'uta akamwendea.

"Dada, hili lilikuwa jaribio tu..."

"Nimeona lilivyokuwa," alisema yule mwanamke. Akampita, akamwendea Mama Sumaku, ambaye alikuwa hajainuka kwenye pipa. "Mama, zile za bati la basi. Za kufua. Zinawezekana?"

"Zinawezekana. Atakayefua akiwepo."

"Nitasubiri."

Akaondoka. Na hapo Mama Sumaku akajua ameshinda. Alimtazama Mafua aliyekaa kwenye tairi, uso mweusi, hana nyusi, anafanana na yai lililoungua. Akangoja aambiwe. Alikuwa ameshaandaa na jibu, kali, lenye kochi na rimoti ndani.

Mafua alijipapasa pale palipokuwa na nyusi. Kisha akauliza, taratibu:

"Shemeji. Ulijua lini?"

Mama Sumaku angeweza kudanganya. Neno "leo" ni fupi. Lakini yeye uongo aliuona kazi ya watu wenye mashati meupe.

"Juzi nilihisi. Nikakitilia limau, nikajua."

"Siku ile ulipohamisha kigoda."

"Siku ile."

Mafua akatikisa kichwa kama anayehesabu kitu. "Ukakihamisha kigoda. Ukajihamisha wewe."

"Niliwaambia leo."

"Ulituambia tumeshawasha." Akajipangusa uso kwa mkono, akaangalia masizi yaliyobaki kiganjani. "Huyu mkwe wangu ni mjinga, sawa. Mjinga nitamfundisha asiwe mjinga. Lakini mimi kazi yangu nainama kwenye moto, Shemeji, nakupa mgongo. Miaka yote nimekupa mgongo sikuwaza. Sasa nitawaza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nenda kwa mwanao."

Lile jibu la kochi na rimoti Mama Sumaku aliliona halifai tena. Alimdharau Mafua tangu alipokuwa shemeji mdogo wa kutumwa dukani. Kumdharau kulikuwa kama kuvaa viatu, hukufikirii. Sasa mtu huyo huyo, bila nyusi, amesema neno la haki, na yeye hana mahali pa kulitupa. Akamchukia kwa hilo kuliko alivyowahi kumchukia kwa uvivu. Akainuka kwenye pipa, akakunja kanga, akatoka. Hakuaga, wala hakuomba radhi. Kama ni radhi, aliisema kwa kutodanganya, na asiyeielewa shauri yake.

Kwa mwanawe, kochi lilikuwa bado na nailoni yake.

"Mama, usikalie upande ule, springi zinalegea," alisema mke wa mwana.

Siku nane alikaa upande mwingine. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, mtu akabisha hodi. Mtaalamu. Shati la buluu, tena lina madoa. Begani ana gunia, na jasho limemfika kwenye mkanda.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Mama Sumaku alimtazama kiasi cha mtu kupika ugali.

"Umefuata nini?"

"Baba ameanza kufua. Bati la ubavu wa basi. Amefua mbili, moja imepinda."

"Moja imenyooka? Basi amejitahidi kuliko nilivyomdhania."

"Na mimi nimekalishwa kigodani." Alitua gunia. "Jana nilikataa pistoni nzima, nikakubali zinki. Baba aliiona kabla haijaingia. Mzani hauniambii, Mama Mkubwa. Nikikiangalia chuma hakiniambii kitu." Alifungua kamba ya gunia. "Sijatumwa na mtu. Nimekuja mwenyewe."

"Umekuja nikusamehe?"

"Nimekuja unifundishe."

"Vizuri, maana kusamehe sina." Akageuka ndani. "Mke wa mwanangu! Niletee gazeti la kutandika, kuna mtu anataka kuchafua sakafu yako."

"Mama, si kwenye zulia!"

"Basi nje." Akainuka kwenye nailoni, ikalia nyuma yake. Wakatoka uani, kwenye saruji, pale kamba za nguo zilipofungwa. Mtaalamu akalimwaga gunia. Alumini, zinki, shaba, bomba, kila kitu, kama akili yake. Akatoa daftari na kalamu kwenye mfuko wa shati.

"Hilo mpe mkeo aandikie vya sokoni," alisema Mama Sumaku. "Wewe lete mikono. Okota kile."

Akaokota.

"Hiki ni alumini," alisema Mtaalamu.

"Nimekuuliza jina lake? Kipime kiganjani. Kizito au chepesi kuliko ulivyokitegemea?"

"Kizito... kidogo."

"Watakaokula humo nao watakufa kidogo. Hiyo si alumini. Weka kando. Okota kingine."